Ukikutana na Mwenye Shaka: Mwongozo kwa Muumini wa Kando ya Ziwa

Mjini Kisumu huhitaji kukodi ukumbi ili ubishane kuhusu Mungu. Steji za bodaboda za Kondele, soko la Kibuye siku ya Jumapili, vibanda vya samaki vya Dunga, uani kwa wafiwa usiku wa kuamkia mazishi: popote watu wanapongoja kitu, siasa ikishachosha, dini huingia. Na siku hizi kila kikao hakikosi mmoja anayeuliza bila kuona haya: hayo maandiko yenu nani aliyathibitisha?

Mwongozo huu ni wa anayeulizwa. Nauandika nikiwa muumini, Mkristo, wala sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Ila nimesikiliza mabishano mengi ya namna hii, na maoni yangu ni kwamba waumini wa kwetu hushindwa si kwa uzito wa hoja za mpinzani bali kwa kutokijua kitabu wanachokitetea: kilinakiliwaje, kilikusanywa lini, kilitufikiaje hapa Nyanza. Mtu ana aya mia kichwani, lakini akiulizwa habari za muswada mmoja tu anaanza kukemea pepo.

Shaka si mgeni hapa

Kwanza achana na dhana kwamba shaka imeletwa na simu na chuo kikuu. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, misheni ya Kianglikana ikafunguliwa Maseno mwaka 1906, na kufikia mwaka uliofuata tayari kulikuwa na Mjaluo aliyekuwa akiwahoji wamisionari. Yohana Owalo wa Asembo alikuwa amepita katika Ukatoliki na misheni za Kiprotestanti, akaukaribia na Uislamu pia. Mwaka 1907 alisema amepata maono, akapandishwa mbinguni. Alichokihubiri baada ya hapo kiliwachoma walimu wake: aliukataa Utatu, akasema Yesu si Mungu, akawataka wanaume watahiriwe kama Agano la Kale linavyoagiza. Kanisa lake la Nomiya linahesabiwa miongoni mwa makanisa ya kwanza huru nchini Kenya, na lipo hadi leo. Tazama alichofanya: aliwashika wamisionari kwa kitabu chao wenyewe.

Mwaka 1913 akaja Onyango Dunde wa Alego, aliyesimulia kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza akamtapika, kisha akampa ujumbe kwamba dini ya Wazungu imeoza. Dini ya Mumbo ikaenea mpaka Gusii, na serikali ya kikoloni ikaiandama. Miaka ikapita. Jaramogi Oginga Odinga, akiwa mwalimu wa Maseno, alitaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kijaluo, viongozi wa kanisa wakagoma. Kisa hicho amekieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967, na kwa jinsi ninavyokisoma mimi, kiini chake ni swali la maandiko: imeandikwa wapi kwamba jina la Kizungu ndilo la Kikristo? Haikuwa imeandikwa popote. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 Okot p'Bitek wa Uganda alifanya kazi papa hapa Kisumu. Mwaka 1970 akatoa kitabu kilichowashambulia wasomi wa Kizungu na wanatheolojia wa Kiafrika kwa pamoja, akisema wamewavisha miungu wetu falsafa ya Kigiriki.

Kwa hiyo kijana anapokuuliza swali gumu pale Kibuye, usimwambie amepotoshwa na Wazungu. Huenda babu yake aliuliza lile lile kabla ya babu yako kubatizwa. Wala usidhani yuko peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 waliosema hawana dini au hawamwamini Mungu, kati ya watu milioni 47.6. Ni wachache, asilimia moja na nusu hivi, lakini wanatosha kwa kila benchi kupata wake.

Jua anauliza nini

Mwenye shaka anaweza kuwa na mojawapo ya maswali matatu, na yote hutoka mdomoni kwa sura moja. Anaposema "Biblia si ya kuaminika" huenda anauliza kama maneno tunayosoma leo ndiyo yaliyoandikwa. Huenda anauliza kama mambo yaliyoandikwa yalitokea kweli. Na mara nyingi sana, kuliko waumini wanavyodhani, anauliza kwa nini wanaokibeba kitabu hicho wanaishi vile wanavyoishi. Ukimjibu la kwanza ilhali anauliza la tatu, mtakesha.

Basi uliza. "Ndugu yangu, shida yako ni kwamba maneno yamebadilishwa, au ni kwamba huamini yalitokea?" Swali hilo hupoza kikao mara moja. Pia humlazimisha mwenzako kuchagua, na wapo ambao hawajawahi kuchagua.

Jumapili moja pale Dunga, watu wakingoja ngege wakaangwe, kijana mmoja wa chuo alimgeukia mzee wa kanisa aliyekuwa ametoka ibadani na Biblia yake kwapani.

"Jaduong', Yuda alikufaje?"

"Alijinyonga. Mathayo ishirini na saba."

"Matendo sura ya kwanza inasema alianguka, akapasuka tumbo."

Mzee akafikiri kidogo. "Alijinyonga, kamba ikakatika, ndipo akaanguka."

"Hiyo kamba kukatika imeandikwa wapi, jaduong'?"

Watu wakacheka, na mzee akapandwa na hasira. Alimwita kijana mwana wa Ibilisi, akakusanya vitu vyake akahamia meza nyingine. Kijana hakuwa na furaha ya ushindi. Alionekana kama aliyetaka kuendelea. Mama muuzaji akaleta samaki, yakaishia hapo.

Mzee alifanya nini vibaya? Si kukosa jibu. Kosa lake lilikuwa kubuni jibu, tena kwa haraka. Angeweza kusema hivi: habari hizo mbili zinatofautiana kweli, na si kifo tu. Katika Mathayo makuhani ndio wanaonunua shamba. Katika Matendo ni Yuda mwenyewe. Zinakubaliana kwamba msaliti alikufa vibaya, na kwamba Yerusalemu kulikuwa na shamba lililoitwa la damu. Hayo ndiyo yaliyomo. Ukishakubali hivyo, kijana hana tena cha kukunyang'anya, na sasa ni zamu yako kumuuliza: kutofautiana huku kunatuonyesha nini?

Mfano upo karibu. Habari za Owalo mwenyewe zinatofautiana. Wapo wanaolihesabu kanisa lake tangu maono ya mwaka 1907, wapo wanaolianzisha mwaka 1914, na historia yake inavyosimuliwa na waumini wake sivyo inavyosimuliwa na wanahistoria. Hakuna anayesema Owalo hakuwepo. Simulizi mbili zikigongana juu ya namna jambo lilivyotokea, hilo peke yake halifuti jambo. Lakini uwe mkweli upande wa pili pia: kama kanisa lako linafundisha kwamba hakuna herufi inayopishana na nyingine, Mathayo 27 na Matendo 1 ni mzigo wako, na mwenye shaka ana haki ya kukuona ukiubeba.

Maneno yenyewe: unayopaswa kuyajua

Hapa ndipo pa kutia bidii, kwa sababu hapa majibu yapo.

Hatuna karatasi iliyoguswa na Marko au Paulo. Tuna nakala za nakala. Kipande kinachotajwa mara nyingi kuwa cha zamani kabisa cha Agano Jipya kimehifadhiwa Manchester, Uingereza. Hakizidi kiganja cha mkono, kina mistari michache ya Yohana 18, na kwa kawaida wataalamu hukiweka katika karne ya pili. Misahafu mikubwa inayokaribia Biblia nzima, ule wa Sinai na ule wa Vatikani, ni ya karne ya nne. Na misahafu hiyo miwili mikongwe haina mistari kumi na miwili ya mwisho ya Injili ya Marko, ile ya kushika nyoka na kunywa vitu vya kufisha bila kudhurika. Injili inaishia mstari wa nane, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu. Vivyo hivyo kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 8 hakimo katika nakala za zamani zaidi. Na ile kauli ya Utatu iliyokuwa katika 1 Yohana 5:7 ya tafsiri za zamani haimo katika nakala za kale za Kigiriki.

Jambo hili huwashtua waumini kuliko linavyowashtua wenye shaka. Ni afadhali ushtuke nyumbani ukiwa peke yako kuliko ushtukie Kondele mbele za watu. Chukua Biblia yenye tanbihi, usome zile herufi ndogo chini ya ukurasa. Tafsiri nyingi za sasa hazifichi kitu. Ukiwa umeyasoma hayo, mtu akikuambia "Biblia imebadilishwa mara elfu" utakuwa na la kumjibu: nionyeshe mstari. Akitaja Marko 16, mwambie amesema kweli, na kwamba tunajua mistari hiyo ya mwisho imeongezwa kwa sababu nakala za kale zilibaki, zikalinganishwa, na waliochapisha matokeo wengi wao walikuwa Wakristo.

Kuna hoja nyingine utakayoisikia mpaka uchoke: kwamba Biblia ilitungwa na Mfalme Konstantino kwenye mtaguso wa Nisea mwaka 325. Hii si kweli, na usiiache ipite. Mtaguso wa Nisea uligombania asili ya Kristo, kwa sababu ya mafundisho ya Ario, na tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu haikuwa ajenda. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu vile vile 27 vya Agano Jipya imo katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Huyo ni askofu wa Misri, Afrika, jambo linalofaa kukumbukwa pale hoja inapogeuka kuwa "hiki ni kitabu cha mzungu". Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa nchini Ethiopia, kuna Injili za Kigeez zilizopimwa zikaonekana ni za kati ya karne ya nne na ya saba. Ukristo ulikuwa na vitabu vyake Afrika kabla Waingereza hawajawa na taifa.

Ila usiitumie Ethiopia kuficha Maseno. Kwetu kitabu kilikuja kwenye msafara mmoja na mkuu wa wilaya na kodi ya kibanda. Agano Jipya la Kijaluo lilitoka mwaka 1926, Biblia nzima mwaka 1953, mwaka mmoja baada ya ile ya Kiswahili ya Union. Yaani kizazi kizima kilibatizwa, kikakatazwa mila zake, kabla hakijaweza kusoma Mwanzo mpaka Ufunuo kwa lugha ya mama. Mwenye shaka akilisema hilo anasema historia. Mkubalie.

Jihadhari pia na kudai kupita kiasi. Waumini wengi wakishasikia habari za magombo ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana Qumran mwaka 1947, hudhani wamepata rungu. Gombo la Isaya la huko linatangulia nakala kamili za Kiebrania tulizokuwa nazo kwa takriban miaka 1,000, na maneno yake yanakaribiana nazo sana. Hiyo ni habari njema kuhusu kazi ya wanakili. Haithibitishi kwamba alichosema Isaya ni kweli. Vivyo hivyo jiwe lililochimbuliwa Kaisaria mwaka 1961 lenye jina la Pontio Pilato: linathibitisha Pilato, halithibitishi ufufuo. Tasito, mwanahistoria wa Kirumi asiyewapenda Wakristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato. Shahidi mzuri, mtumie. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, mtumie kwa uangalifu, kwa maana wataalamu wengi wanaona maneno yake kuhusu Yesu yametiwa mkono na wanakili Wakristo. Na ukiulizwa habari za wanaume laki sita ambao kitabu cha Kutoka kinasema walitoka Misri, sema wazi kwamba wachimbaji hawajakuta alama za msafara wa ukubwa huo jangwani.

Swali gumu kuliko yote ya Nyanza

Wanafalsafa wa Ulaya wana hoja zao kuhusu miujiza. Sisi tunayo yetu, na nadhani ni kali zaidi kwa kuwa iko jirani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walijitenga na Kanisa Katoliki wakaanzisha Legio Maria. Umati ukawafuata, wengi wakisimulia kuponywa na kutolewa mapepo. Wafuasi wa Ondeto humwona kuwa Masihi aliyewajia Waafrika. Alifariki mwaka 1991, na mlima wa Got Kwer kule Migori ni mahali pao patakatifu mpaka leo. Sasa mwenye shaka mwerevu hatakuletea mwanafalsafa wa Ulaya. Atakuuliza hivi: "Wewe unaamini mashahidi wa miaka 2,000 iliyopita ambao hukuwaona. Kwa Ondeto mashahidi wapo, wengine ni majirani zako, na huwaamini. Kwa nini?"

Wengi hujibu kwa kicheko. Wanaanza kuwakejeli Legio, mavazi yao na rozari zao. Hilo ni kosa la aibu. Wengi wa waumini hao ni shangazi na wajomba zetu, kisha kicheko si hoja: wasomi wa Kirumi nao walimcheka mtu aliyesulubiwa.

Jibu langu, ambalo si lazima liwe lako, ni hili. Kabla hujamhukumu Ondeto, taja vigezo utakavyotumia, kisha ukubali vigezo hivyo hivyo vimguse Yesu wako. Je, habari iliandikwa baada ya muda gani? Je, waliosimulia walipata faida au hasara? Je, imo habari ambayo wasimulizi wangependa kuificha? Barua za Paulo zimeandikwa katika miaka ya 50, yapata miaka ishirini na zaidi baada ya msalaba, na ndani yake anataja watu waliodai kumwona Yesu akiwa hai, wengine wakiwa bado wako hai alipoandika. Injili zinawataja wanawake kuwa wa kwanza kufika kaburini, katika jamii ambayo ushahidi wa mwanamke ulipewa uzito mdogo. Kwangu hayo yana nguvu. Lakini ukivipitisha vigezo hivyo kwa haki, utakuta Legio nao wana alama zao: waliteseka, walidharauliwa, na mashahidi wao walikuwa wengi. Mahali fulani utafika ambapo historia inakuachia mkono, na kilichobaki ni imani. Sema hivyo. "Mpaka hapa nimekupa sababu, kuanzia hapa ninaamini." Mwenye shaka anayejiheshimu hatakucheka kwa hilo. Atakayecheka usibishane naye.

Ziwa lenyewe ni shahidi

Mjadala wa uumbaji kando ya Ziwa Victoria una ladha yake, maana vielelezo viko chini ya miguu. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata katika kisiwa cha Rusinga fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Kule Nyayanga, rasi ya Homa, zana za mawe zilizotangazwa mwaka 2023 zina umri wa zaidi ya miaka milioni mbili na nusu. Na ziwa lenyewe, wanasayansi waliochunguza tope la sakafu yake wanasema lilikauka, likajaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita.

Hapo kijana atakuuliza habari za fulu. Wale samaki wadogo ambao mama zetu waliwakausha jikoni walikuwa na spishi mamia katika ziwa hili, kila mmoja na taya lake: wa kusaga konokono, wa kula mwani, wa kuwinda wenzake. Nyingi ya spishi hizo hazipatikani popote duniani isipokuwa hapa. Kama ziwa lilikuwa kavu miaka 15,000 iliyopita, basi zimetokea ndani ya muda huo kutoka kwa mababu wachache. Wanabiolojia wa dunia nzima huja kuzichunguza, zile ambazo samaki mbuta, aliyeletwa katika miaka ya 1950, hakuzimaliza.

Usishindane na tope la ziwa. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni dhidi ya namna Makumbusho ya Kitaifa yalivyopanga kuonyesha mabaki ya binadamu wa kale. Mabaki yakabaki pale pale, yakionyeshwa. Kilichopatikana ni vijana wengi kuambiwa kwamba lazima wachague kati ya mifupa na Mungu, na wengine wakachagua mifupa. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini, alishawaonya Wakristo mwanzoni mwa karne ya tano, katika kitabu chake juu ya Mwanzo, wasiongee upuuzi kuhusu maumbile mbele ya wasioamini wanaoyajua, wasije wakayafanya maandiko yote yadharauliwe. Alikuwa haamini kwamba siku sita lazima ziwe za saa 24. Hakuyasema hayo kwa sababu ya Darwin. Darwin alikuja miaka 1,400 baadaye. Kanisa lako likisisitiza siku sita za saa 24, hiyo ni haki yake, lakini ujue si Wakristo wote wamewahi kusoma hivyo, na usiifanye kuwa mlango wa pekee wa kuingilia imani.

Na ndugu zetu Waislamu

Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya hadharani, Waislamu na Wakristo wakipambanisha vitabu, imeenea kutoka Tanzania hadi Kenya, na Kisumu haikupitwa. Nitasema neno moja tu. Mhadhiri anayetumia tofauti za miswada kuiangusha Biblia, na Mkristo anayefanya vivyo hivyo kwa Kurani, wote wanamfanyia kazi mwenye shaka aliyesimama nyuma amekunja mikono. Ukikubali kupima kwa umri wa miswada, kubali pia kwamba kurasa za Kurani zilizoko Birmingham zilipimwa, matokeo yakatangazwa mwaka 2015, ngozi yake ikaonekana ni ya kati ya mwaka 568 na 645, karibu sana na uhai wa Mtume. Kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Akiuliza habari za mapasta

Wenye shaka wengi ninaowajua hawakuanzia kwenye miswada. Wameanzia kwa mama aliyeambiwa aache dawa za Ukimwi kwa kuwa ameshaombewa, au kwa sadaka ya mbegu iliyomeza karo. Tangu mwaka 2023 wana neno moja la kutosha: Shakahola. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu.

Hapa usitoe aya. Usiseme pia "hao hawakuwa Wakristo wa kweli", kwa sababu walikuwa wanasoma kitabu kile kile, na hilo ndilo swali lenyewe. Sikiliza kwanza. Ukisema, sema kwamba maandiko yanaweza kusomwa kwa namna inayoua, na ueleze wewe unayasomaje ili yasiue. Kama huna maelezo, nenda kayatafute.

Adabu na sheria

Usikubali mjadala wa dini uani kwa wafiwa hata ukichokozwa. Vuta mtu pembeni, mpe siku nyingine. Mkubwa kwa umri asikukomeshe kwa "nyathina (mwanangu), mimi nimeshika Biblia kabla hujazaliwa", na kijana asimwite mzee mjinga mbele ya wajukuu zake. Mjadala mzuri ni wa watu wawili au watatu na swali moja. Kipaza sauti kinaharibu. Zaidi ya hayo, kanuni za kelele za mamlaka ya mazingira, NEMA, za mwaka 2009 zinawahusu hata wanaohubiri.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 8, inasema nchi hii haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinamlinda anayeamini na asiyeamini kwa usawa. Chama cha wasiomwamini Mungu kiliandikishwa nchini mwaka 2016, kikasimamishwa miezi michache baadaye, kisha kikarejea. Kumbuka pia kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomtia hatiani anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Adhabu yaweza kufika mwaka mmoja jela. Kinakulinda, na kinakufunga wewe pia unayetaka kumtukana Mlegio au Mwislamu. Nakushauri usikikimbilie. Anayemwitia polisi mwenye shaka amekiri hana jibu.

Mwezi Mei mwaka 2021 katibu wa chama cha wasiomwamini Mungu alijiuzulu akisema amempata Yesu Kristo. Chama kikamtakia heri, kikatangaza nafasi iko wazi. Waumini wengi waliizungusha habari ile kwa shangwe, na bado naisikia ikitajwa Kondele kama hoja. Si hoja. Mtu kuhamia kwetu hakuthibitishi kitabu, kama vile padri anayevua kanzu hakikanushi. Acha kuhesabu watu. Leo jioni fungua Marko 16, soma mpaka mstari wa nane, kisha usome tanbihi iliyo chini yake.